Swali la Kuachana

Watu wa kijiji cha Gedamit walikuwa katikati ya mavuno ya tefu, nafaka yao ya kila siku, Wubalem Fentahun alipowafikia na maswali yake, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na muda naye. Alitoka mji wa Bahir Dar, kwenye ofisi ndogo iliyopewa kazi ya kupima mradi wa vyeti vya ardhi. Mradi wenyewe ulikuwa umepita huko miaka minne nyuma na kuacha katika kila nyumba kitabu cha kijani chenye mipaka ya mashamba na picha mbili, ya mume na ya mke, zimebandikwa bega kwa bega. Sasa wafadhili walitaka kujua kama masikini wale wamepata nguvu yoyote juu ya mashamba yao, au wamepata kitu cha kufungia sandukuni tu.

Wubalem alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa hatua, asiyejua kukaa. Ukimpa kigoda, goti lake lilianza kutingishika kabla hajashika kikombe. Wasaidizi wake wa kuuliza maswali walikuwa wakimtania, "Dada Wubalem, hilo goti linamsagia nani unga?" Naye alicheka, akasimama, akaenda kuangalia kama gari limefungwa.

Kanuni moja hakuruhusu ivunjwe: mke ahojiwe peke yake. Waume hawakuipenda. Walisogea mpaka ukutani, wakajifanya wanatengeneza kamba ya ng'ombe, masikio yakiwa ndani.

Ndivyo alivyofanya Gashaw siku Wubalem alipoketi na mkewe, Enatnesh, kwenye nyumba yao yenye paa jipya la bati. Enatnesh alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mkavu wa maneno. Alikuwa akikaanga buni, na alijibu maswali bila kuinua macho: wana mashamba mangapi, nani analima, nani anauza. Kisha Wubalem akafika kwenye swali ambalo wasaidizi wake wote waliliogopa.

"Mkiachana leo," alisoma kwenye kishikwambi, "ardhi hii itakuwaje?"

Enatnesh aliacha kukoroga. "Nani ameachana?"

"Hakuna. Ni swali tu, tunauliza kila nyumba."

"Hata kwa kasisi?"

"Hata kwa mke wa kasisi."

Enatnesh alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Masikini kasisi. Yeye akiachwa, na ukasisi unakwenda." Halafu kicheko kikaisha. "Dada yangu alipoachwa alitoka na nguo zake na masufuria ya mama yetu. Basi."

"Na wewe, unadhani ingekuwaje?"

"Sijui." Aligeuza kikaango, akamtazama Wubalem usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe unajua?"

Hapo ndipo goti la Wubalem lilipoanza. Bosi wake, Dokta Getnet, aliwaambia kwenye mafunzo zaidi ya mara moja: sisi tunapima homa, hatutoi dawa. Ukimfundisha mtu unayempima, umeharibu kipimo. Wubalem mwenyewe aliwahi kuwafundisha wengine maneno hayo hayo. Lakini mwanamke alikuwa amemuuliza, nyumbani kwake, akimkaangia kahawa.

"Nusu," alisema. "Sheria inakupa nusu. Picha yako imo kitabuni."

"Hata shamba la mtoni?"

"Kila kilichomo kitabuni."

"Na mmoja akitaka kulikodisha?"

"Hawezi peke yake. Lazima mkubali wote wawili."

Enatnesh alisahau kikaango. Buni ziliungua, moshi ukajaa chumba, na Gashaw akapiga kelele kutoka nje akiuliza kama leo wanakunywa mkaa. Mkewe alizimwaga zile buni, akaanza nyingine.

"Andika sijui," alimwambia Wubalem. "Uliponiuliza, nilikuwa sijui."

Siku ya pili yake ilikuwa ya soko. Wubalem na wenzake walilala kwenye madarasa ya shule, na alasiri alikuwa uani akigawa kazi alipomwona Gashaw anakuja, fimbo imelazwa mabegani, mikono imening'inizwa juu yake. Hakuja kwa kishindo. Alisalimia vizuri, akauliza hali ya safari yao, akauliza kama baridi ya huku imewaacha salama. Kisha akasema, "Dada, mke wangu ameondoka."

"Amekwenda wapi?"

"Kwa kaka yake, Chekol, ng'ambo ya bonde. Amembeba mtoto mdogo na kile kitabu."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema neno moja. Nusu."

Mmoja wa wasaidizi aliguna kuzuia kicheko. Gashaw alimsikia, akatikisa kichwa taratibu. "Cheka tu, mdogo wangu. Wenzako wameshacheka. Napita sokoni naitwa Bwana Nusu. Nimeagiza tella kunywa, mwenye pombe ananiletea nusu glasi, nyumba nzima inaanguka kwa kicheko."

Wubalem alitafuta pa kuweka mikono. "Sikukusudia iwe hivyo, kaka."

"Najua. Ungekusudia ningekuja na maneno mengine." Alishusha fimbo. "Nimekaa na mwanamke huyu tangu hatujaota hata akili. Tumegombana, nani hagombani. Lakini neno la kuachana halikuwahi kukanyaga nyumbani kwangu mpaka ulipoliingiza wewe, kwenye hicho kioo chako. Sasa niambie, kulitoa linatolewaje?"

Gashaw hakungoja jibu. Aliaga kama alivyosalimia, akaenda zake.

Mtandao wa simu ulipatikana kwenye kilima nyuma ya shule tu. Wubalem alipanda huko, akampigia Dokta Getnet, na muda wote wa mazungumzo alikuwa akizunguka jiwe moja kama ng'ombe anayepura nafaka.

"Ulimjibu?" Getnet aliuliza.

"Nilimjibu."

Getnet hakuwa mtu wa kufoka. "Basi hiyo kaya tunaitoa. Chukua nyingine ya akiba."

"Itatoka kwenye hesabu yetu, Dokta. Gedamit kwenyewe haitoki."

"Wubalem, sikiliza. Usimfuate huyo mwanamke. Ukimfuata unakuwa sehemu ya ugomvi."

"Nimeshakuwa."

Hapo mtandao ukakatika, au aliukata mwenyewe. Baadaye alipojiuliza hakuwa na uhakika.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Wubalem alivuka bonde peke yake. Njia ilishuka kwa mawe yanayoteleza, ikapanda tena upande wa pili, na kila alipokutana na watu waliotoka ibadani aliona wanamtazama kwa pembeni, halafu nyuma yake wananong'ona. Alikuwa amejiandaa kukuta msiba. Alikuta karamu.

Chekol, kaka yake Enatnesh, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. "Karibu, karibu, mwanasheria wetu."

"Mimi si mwanasheria."

"Kwetu sisi unatosha." Akamketisha mahali pazuri, akaamuru uletwe mkate wa injera. Alikuwa ameshapanga kila kitu. Alikuwa na jozi ya maksai walionona, na alijua hata siku watakayoanza kulima. "Gashaw abaki na shamba la juu, lile la mawe. Sisi tutachukua la mtoni."

"Sisi nani?" Enatnesh aliuliza kutoka jikoni.

"Mimi na wewe, nani mwingine? Au plau utashika wewe?"

Waliokuwepo wakacheka, kwa sababu mwanamke kushika plau ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Enatnesh aliinuka, akamwambia Wubalem, "Njoo nikuoneshe kisima," ingawa kisima hakikuwa na cha kuoneshwa.

Walisimama kwenye ukuta wa mawe, upepo ukiwapiga shuka. Wubalem aliuliza lililomkosesha raha tangu juzi. "Alikupiga?"

"Gashaw?" Enatnesh alikaribia kucheka. "Gashaw akikasirika anakwenda kulala na ng'ombe. Asubuhi ananuka, hasira imekwisha."

"Sasa kwa nini uliondoka?"

Enatnesh alipanga maneno kwanza. "Paa letu uliliona?"

"Nililiona. Jipya."

"Lile ndilo shamba langu la mtoni. Nalima pale vitunguu saumu, ndiyo chumvi na ndiyo daftari za watoto. Alikuja mfanyabiashara wa nguzo, Ayenew, akataka apande mikaratusi kwa miaka kumi na miwili. Akampa Gashaw mabati. Niliuliza, akaniambia mambo ya ardhi ni ya mwenye plau. Nikanyamaza, maana sikuwa na la kujibu. Juzi ukanipa la kujibu."

"Kwa hiyo hutaki kuachana."

"Nani alisema nataka? Ni nyie mmesema. Miche inaletwa Jumanne, dada. Nilitaka kitabu kisiwe mkononi mwake mpaka Jumanne ipite. Ningekaa nyumbani, angenitazama kwa yale macho yake ya unyonge, nami ningenyamaza tena. Najijua." Aligeuka kutazama nyumba ya kaka yake. "Sasa huyu naye, kichwani mwake ameshaingiza maksai shambani kwangu. Nikirudi nimemwaibisha, nikibaki nimekuwa shamba la Chekol."

Wubalem alihisi miguu yake inataka kuondoka na yeye mwenyewe anataka kubaki. "Nenda kwenye kamati ya ardhi. Inakaa kesho."

"Twende wote."

"Nikienda watasema nimekulisha maneno."

"Watasema hata usipoenda," Enatnesh alisema. "Afadhali waseme ukiwepo."

Jumatatu, uani kwa ofisi ya kata, watu walijaa kuliko ilivyo kawaida ya msimu wa mavuno. Wengine waliacha tefu imelala uwanjani waje kusikia nyumba ya Gashaw inavyogawanywa. Mwenyekiti wa kamati, Wassie, alikuwa na jino bovu na hamu ya kumaliza mapema. Gashaw alisimama upande mmoja na rafiki zake. Chekol alisimama upande wa pili, kifua mbele. Wubalem alijibanza nyuma, karibu na mlango, akibadilisha mguu wa kusimamia.

"Haya, mama," Wassie alisema, kiganja shavuni. "Unataka nusu ipi?"

"Sijaja kuachana," alisema Enatnesh.

Manung'uniko yakapita uani, kama watu walioambiwa ngoma imeahirishwa. Chekol aligeuka. "Unasemaje wewe?"

"Kaka, nimekula kwako na mwanangu, nashukuru. Maksai wako wana mashamba yao." Kisha akaigeukia kamati, na maneno yakaja yote: shamba la mtoni, Ayenew, mabati, miche ya kesho. "Ninachouliza ni kimoja. Mimi nilikubali lini?"

Wassie alimtazama karani wa ardhi. Karani akaikagua kalamu yake. "Makubaliano yapo," alisema. "Yana dole gumba la mume."

"Na la mke?"

"Kwa kawaida, mheshimiwa, mwanaume anapokuja huwa amekuja na salamu za mke."

Ua mzima ulicheka, isipokuwa Enatnesh. Na Gashaw. Wubalem alimwona Gashaw akitazama chini, shingo imewaka.

"Wewe wa Bahir Dar," Wassie aliita. "Mmekuja na maneno haya, hebu tuambie sheria."

Watu wote waligeuka. Wubalem alikuwa na sheria yote kwenye ncha ya ulimi, na ulimi ulimwasha. Lakini aliona kwamba akisema yeye, jambo litakuwa la mgeni, na mgeni ataondoka nalo. "Niliisema mara moja, mzee, na mnaona yaliyonipata," alijibu. "Karani wenu alisomea. Muulizeni yeye."

Karani alijikuna, akasafisha koo, akasema kwa sauti ndogo kwamba bila mke kukubali, makubaliano hayasimami. Wassie akamwambia arudie, jino linamzuia kusikia. Akarudia.

"Na paa?" Gashaw alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Niling'oe? Masika ikija watoto niwafunike na sheria?"

"Mpe Ayenew shamba la juu," alisema Enatnesh. Alisema akimtazama mumewe, kama hapakuwa na mtu mwingine pale. "Mikaratusi haichagui mawe."

"Pale napanda shayiri."

"Najua unapanda shayiri. Nani anaivuna?"

Walibishana hapo hapo, mbele ya kata nzima, kuhusu shayiri, maji, na nani alimwambia nani nini msimu ule, mpaka watu waliokuja kutazama talaka wakaanza kuondoka mmoja mmoja kurudi kwenye tefu yao. Wassie aliamuru miche isimamishwe na Ayenew aitwe. Ayenew alikuja katikati ya wiki, akalalamika mpaka akachoka, mwisho akachukua shamba la juu kwa miaka mingi zaidi. Lilikuwa pigo. Gashaw alibaki bila shayiri, na kila mtu alijua wakati wa njaa watanunua nafaka.

Enatnesh alirudi nyumbani siku ile ile ya kamati. Chekol hakumsindikiza.

Kabla ya kuondoka Gedamit, Wubalem alikwenda kumtafuta Gashaw. Alimkuta uwanja wa kupuria, akipepeta tefu, makapi yakiruka kama moshi.

"Umekuja kuuliza lingine?"

"Nimekuja kukuomba radhi, kaka. Kwa lile la sokoni."

"La sokoni litakwisha. Wiki ijayo mwingine ataangushwa na punda, watanisahau." Alipepeta tena, akangoja makapi yatulie. "Ila siku hizi mwanamke anapojigeuza kitandani, nahisi anahesabu."

"Zamani alikuwa hahesabu?"

Gashaw alilifikiria swali kweli. "Labda alikuwa anahesabu," alisema. "Mimi nilikuwa nimelala."

Jioni ile Wubalem aliwaita wasaidizi wake. Vijiji vingine vilikuwa bado. Aliwaambia swali la kuachana libaki palepale, waliulize kama lilivyo, na wakishamaliza maswali yote, mwanamke akiwauliza na yeye, wamjibu. Mekdim, binti aliyekuwa hodari kuliko wote, aliuliza kama Dokta anajua. Wubalem alisema atajua.

Getnet alijua, na alikuja mwenyewe kwa gari. Walizungumza wameegemea mlango wa gari lenyewe, Wubalem akihama kutoka tairi hadi tairi.

"Mwakani tukirudi kupima," Getnet alisema, "tutatenganisha vipi kilicholetwa na mradi na kilicholetwa na Wubalem?"

Lilikuwa swali zuri, na Wubalem alilijua kuwa zuri. "Sijui," alisema. "Lakini picha yake ilikaa mle miaka minne na hakuna aliyemwambia ina maana gani. Hilo nalo tulipime."

Getnet alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Hakuwa mtu mbaya. Kwenye ripoti aliiacha aya ya Wubalem kuhusu vyeti vilivyogawiwa bila maelezo, akaisogeza kurasa za mwisho, na kaya ya Gashaw akaitoa kwenye hesabu. Duru iliyofuata hakumwita Wubalem. Alipata kazi kwenye ofisi ya maji, ambako alihesabu visima vilivyoharibika na kuandika vimeharibika tangu lini.

Mwaka ulipopita, Mekdim alimpigia simu akitokea Gedamit. Alikuwa yeye sasa kiongozi wa timu. Alisema vitunguu saumu vya Enatnesh vimestawi na anaviuza mwenyewe, ingawa nafaka walinunua kweli, na Gashaw hakuacha kulitaja hilo. Alisema wanawake wengine walikwenda kwa Wassie na vitabu vyao, hadi karani akaanza kuwauliza waume, mkeo yuko wapi. Wubalem alikuwa akitembea uani kwake, simu sikioni, akikaribia kufurahi.

"Na mmoja alipigwa," Mekdim alisema. "Alisema nusu, kama Enatnesh. Mumewe si wa kulala na ng'ombe. Wanasema alikimbilia kwa wazazi wake, mkono umevunjika, na hajarudi."

Wubalem alisimama. "Anaitwa nani?"

"Sikuuliza, dada. Nyumba yake haimo kwenye zetu."

"Aliambiwa na nani hiyo nusu? Na sisi?"

"Na mmoja wetu, au na mwenzake, au alisikia kisimani. Mtu atajuaje."

Wubalem aliuliza wazazi wa mwanamke huyo wanakaa upande gani. Mekdim alisema aliwasikia watu wakitaja nyuma ya Gedamit, mahali gari halifiki, na akauliza anataka kujua kwa nini. Asubuhi yake Wubalem aliomba ruhusa kazini, akasema ana mgonjwa, akapanda basi la Debre Markos, njia ya kwenda Gedamit, akiwa na mfuko mmoja, na njia nzima jirani yake kitini alilitazama goti lake likitingishika.